Nguo ya Bei ya Kutupa

Machi 2016 marais wa Afrika Mashariki walikutana Arusha wakaamua kwamba mitumba iondolewe sokoni hatua kwa hatua, na kufikia mwaka 2019 iwe imekwisha. Hoja yao haikuhitaji maelezo marefu: viwanda vyetu vya nguo vimekufa, mitumba ndiyo iliyoviua, basi mitumba ikiondoka viwanda vitafufuka. Mwaka 2019 ulifika mitumba ikiwa palepale, katika masoko ya Karume na Gikomba, Owino na Kongowea. Aliyekuwa amechapwa ni Rwanda peke yake.

Namna Rwanda ilivyochapwa inafaa kukumbukwa. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa Marekani wanaouza nguo kuukuu na matambara, kwa jina SMART, kilipeleka malalamiko serikalini kwao kikidai kwamba uamuzi wa Arusha unahatarisha ajira 40,000 za Wamarekani. Fimbo ilikuwa tayari mkononi: AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa za nchi za Kiafrika kuingia Marekani bila ushuru, kwa sharti kwamba nchi inayonufaika isiweke vizuizi mbele ya bidhaa za Marekani. Na kwa hesabu zao, fulana ambayo mtu wa Ohio ameichoka akaitoa sadaka ni bidhaa ya Marekani. Kenya, yenye viwanda vinavyoshona jinzi za kuuzwa huko, ilijitoa mapema. Tanzania na Uganda zikalegeza kamba. Rwanda ilikuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, na haikurudi nyuma. Julai 2018 Rais Trump akaisimamishia nafuu ya AGOA upande wa mavazi. Yaani nchi ilipoteza haki ya kuuza nguo mpya bila ushuru kwa kosa la kukataa nguo kuukuu.

Tangu hapo mjadala unazunguka palepale. Juni 2022, katika kampeni za urais, Raila Odinga alisema Wakenya wanavaa nguo zilizoachwa na marehemu wa Ulaya, na kwa siku kadhaa akawa na kazi ya kuwatuliza wachuuzi. Agosti 2023 Rais Museveni alisema maneno ya namna hiyohiyo huko Mbale, akatangaza kuipiga marufuku mitumba. Hakuna jipya hapo. Dar es Salaam watu wazima bado wanalikumbuka jina la kafa Ulaya. Lakini anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi belo hana muda wa kuuliza aliyekuwa nalo shati kabla yake yu hai au la. Anachotaka kujua ni kama kola imechakaa.

Nadhani tumekuwa tukibishana upande usio wenyewe. Suala la mitumba au viwanda limetufanya tusahau kuuliza nani anayebeba gharama ya nguo rahisi tangu pamba inapochumwa hadi tambara linapofika dampo. Ukiifuata njia hiyo yote, kila mahali utamkuta mtu wa aina moja: yule asiye na pa kwenda akikataa.

Tuanze na viwanda, maana hapo kuna ukweli ambao watetezi wa mitumba hupenda kuuruka. Garth Frazer, mchumi, alichapisha mwaka 2008 utafiti wake juu ya nguo za msaada na uzalishaji wa mavazi Afrika. Alikadiria kwamba mitumba inaeleza takriban asilimia 40 ya anguko la uzalishaji kati ya mwaka 1981 na 2000, na nusu ya ajira zilizopotea. Si namba ya kupuuzwa. Ila nayo inabakiza zaidi ya nusu ya anguko hilo mikononi mwa wengine. Urafiki ya Ubungo, iliyojengwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma, Kiltex ya Arusha, Kicomi ya Kisumu, Rivatex ya Eldoret: vilikosa fedha za kigeni za kununulia vipuri, umeme ulikuwa wa kubahatisha, na menejimenti iliteuliwa kwa vigezo visivyohusiana na uzi wala kitambaa. Aliyeishi Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 anakumbuka maduka ya serikali ya RTC yenye rafu tupu na foleni za khanga. Serikali iliporuhusu mwaka 1984 watu walete bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa wamezipata wapi, mitumba ilikuta mgonjwa yu taabani tayari. Ilimnyima nafasi ya kupona, hilo nalikubali. Kusema ndiyo iliyompa ugonjwa ni kuwasamehe wengi mno.

Na mwenye kuota kwamba mitumba ikiondoka Urafiki itarudi kupiga zamu tatu atembee Kariakoo. Nguo itakayokaa mahali pa mtumba ni nguo mpya kutoka China, nyepesi zaidi na ya kuvaliwa miezi michache. Rwanda iliona hayo. Caguwa, kama wanavyoiita mitumba, iliendelea kupenya kwa njia za panya kutoka Uganda na Kongo, na maduka yakajaa nguo mpya za bei nafuu kutoka Asia. Washonaji wa Kigali walipata soko, lakini la wenye uwezo. Huku kwetu sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza bado inapanda meli bila kusokotwa hata uzi mmoja, na hilo halikuletwa na belo.

Belo lenyewe ndilo linalostahili kuangaliwa kwa karibu. La kawaida Gikomba lina kilo 45, limebanwa kwa mashine na kufungwa mikanda ya plastiki, limebandikwa karatasi inayotaja aina ya nguo na daraja lake. Mnunuzi hafungui. Analipa kwanza, anabeba, anakata mikanda mbele ya wateja waliokwishamzunguka, na hapo ndipo anapojua amenunua nini. Nguo nzuri kabisa, wanazoziita kamera, zinaondoka ndani ya dakika chache kwa wenye maduka ya mjini na wanaouza mtandaoni. Zinazofuata zinatundikwa. Kadiri siku zinavyokwenda bei inashuka mpaka zinabaki za fagia, rundo chini, kila moja kwa bei isiyofika nauli ya matatu. Pembeni kuna mafundi wa cherehani wanaopunguza kiuno, wanaobadili zipu, wanaogeuza suruali ya mtu mnene kuwa sketi mbili. Kuna wenye pasi za makaa. Kuna wabeba mizigo, mama ntilie, na mtu wa mwisho kabisa anayekusanya visivyouzika akavikate matambara ya gereji. Mikutano ya kimataifa inatumia mamilioni kutafuta mfumo wa namna hii wa kutumia kitu mpaka kiishe, na huku ulijengwa na watu ambao mgambo wa jiji huwafukuza kila baada ya uchaguzi.

Sasa tazama hasara inapoangukia. Mtoaji sadaka ametua mzigo wake. Shirika la hisani limeuza kwa kilo. Mchambuzi, awe Poland, Sharjah au Karachi, ameondoa vilivyo bora akauza penye bei. Msafirishaji kalipwa, mwagizaji kalipwa. Anayebaki na karata mkononi ni mama aliyechukua mkopo wa kausha damu akanunua belo la blauzi, na nusu ya blauzi zina madoa ya jasho au zimechanika kwapa. Hana pa kulirudisha. Kwa maneno mengine, katika mnyororo huu wote aliye na mtaji mdogo kuliko wote ndiye pekee anayenunua bila kuona. Soko likiungua, kama Gikomba Juni 2018 ambako watu 15 walikufa, au Karume Januari 2022, mtaji unakwenda na moto, maana wengi wao hawana bima.

Wachuuzi wa muda mrefu watakwambia mabelo ya leo si ya zamani. Hawakosei, na sababu yake iko mbali na Gikomba. Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazozalishwa duniani sasa ni poliesta, ambayo ni mazao ya petroli. Kampuni za mitindo ya haraka zinatoa nguo mpya kila wiki, kwa kitambaa chembamba na mshono usiotegemewa kudumu. Nguo iliyotengenezwa ivaliwe mara saba haiwezi kuwa na maisha ya pili Manzese. Tena kuna jambo dogo ambalo fundi gereji yeyote analijua: tambara la pamba linafyonza oili, la poliesta linaisambaza tu. Kwa hiyo hata yule mnunuzi wa mwisho, wa matambara, hana haja nalo. Njia iliyobaki ni mtaro, mto, au moto wa kupikia chai unaotoa moshi mweusi.

Hapa ndipo sera zetu zinapojikanyaga. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na zote mbili zilisifiwa kwa haki. Abiria anayeshuka uwanja wa ndege na mfuko wa rambo ananyang'anywa. Makontena ya nguo za plastiki zilizochakaa yanapita bandarini kwa jina la mavazi. Mkataba wa Basel wa taka hatarishi ulirekebishwa mwaka 2019 ili taka za plastiki zisisafirishwe kiholela, na marekebisho yakaanza kutumika mwaka 2021, ila hayakuwekwa kwa ajili ya fulana ya poliesta. Ikifumwa, plastiki inaacha kuitwa plastiki.

Ni kiasi gani hasa? Ugomvi wa namba ni mkali. Ripoti ya shirika la Changing Markets Foundation ya mwaka 2023 ilisema nguo zaidi ya milioni 300 za sintetiki zinazoingia Kenya kwa mwaka ni mbovu au haziuziki. Chama cha wafanyabiashara, Mitumba Consortium Association of Kenya, kilikanusha vikali na kusema taka ndani ya belo ni asilimia moja au mbili. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuwa ya makosa ya kuhesabu. Kila upande una maslahi, bila shaka, lakini nadhani pia hawahesabu kitu kimoja. Mwenye belo haiiti fagia taka, kwa kuwa imepata mnunuzi. Mwanamazingira anaitazama nguo iliyouzwa kwa shilingi kumi, ikavaliwa wiki mbili, akaiona tayari iko dampo la Dandora. Wote wanatazama shati lilelile kwa saa tofauti. Na haki itendeke: nguo mpya ya Kariakoo au Eastleigh nayo ni poliesta, nayo inaishia palepale. Marufuku ya mitumba haitapunguza kimo cha dampo hata kwa futi moja.

Dampo la Dandora, Nairobi, lilifunguliwa mwaka 1975. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake makuu yako jiji hilohilo, lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na dampo: karibu nusu walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kinachofikia au kuvuka kile kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha hatari. Mwaka 2021 mahakama iliamuru dampo lihamishwe ndani ya miezi sita. Muda ulipita, dampo likabaki. Takataka za Dandora ni za kila aina, si nguo peke yake, na sitaki kulibebesha shati dhambi za jiji zima. Ninachosema ni kwamba jiji lisiloweza kuzika taka zake lenyewe linapokea pia za wengine bila senti moja ya kuzizikia.

Tupande sasa juu ya mto, kwenye mwanzo wa nguo, maana bei ndogo ya mwisho inatokana na bei ndogo ya mwanzo. Aprili 24, 2013 jengo la Rana Plaza huko Savar, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134. Nyufa zilikuwa zimeonekana jana yake. Benki na maduka ya ghorofa ya chini yalifungwa, washonaji wa juu wakaamriwa kurudi kazini, wengine wakitishwa kukatwa mshahara. Baada ya maafa hayo kampuni nyingi, nyingi zikiwa za Ulaya, zilisaini mkataba wa usalama wa majengo na moto ambao ungeweza kupelekwa mbele ya wasuluhishi na kuzibana kisheria. Viwanda vilikaguliwa, milango ya dharura ikawekwa, vingine vikafungwa. Matamko ya hiari yalikuwepo miaka mingi kabla ya hapo na hayakuzuia kitu. Kilichobadili mambo ni karatasi inayomfunga mnunuzi, si mshonaji.

Chini ya kiwanda kuna shamba, na humo ndimo gereza linapoingia katika habari ya mitindo. Takriban sehemu moja ya tano ya pamba ya dunia inatoka Xinjiang, magharibi ya China, ambako Wauyghur wamewekwa makambini na kupelekwa kazini kwa programu za serikali. Sheria ya Marekani ya Desemba 2021 inachukulia kila bidhaa ya huko kuwa ya kazi ya lazima mpaka mwagizaji athibitishe vinginevyo. Ni sheria nzuri, na ningependa tungekuwa na kama hiyo.

Lakini katika jimbo la Louisiana lipo gereza kubwa linaloitwa Angola. Lilikuwa shamba la watumwa, na jina lake linatokana na nchi walikotoka baadhi ya watumwa hao. Hadi karne hii wafungwa wa pale, wengi wao weusi, wamekuwa wakipelekwa mashambani kuchuma pamba na mboga, kwa malipo ya kati ya senti 2 na 20 kwa saa, na mwaka 2023 baadhi yao walikwenda mahakamani kulalamikia kazi katika joto kali. Kisheria hilo linawezekana kwa sababu Marekebisho ya 13 ya Katiba ya Marekani, yaliyofuta utumwa mwaka 1865, yaliacha tundu: kazi ya kulazimishwa inaruhusiwa ikiwa ni adhabu ya kosa. Shirika la uzalishaji la magereza ya serikali kuu, lililoanzishwa mwaka 1934, linashonesha hata sare za jeshi kwa malipo yanayoanzia senti 23 kwa saa. Majimbo kadhaa yameziba tundu hilo katika katiba zao, Colorado ikitangulia mwaka 2018. Louisiana ilipopiga kura mwaka 2022, na California mwaka 2024, pendekezo la kuliziba likashindwa. Afisa wa forodha wa Marekani anayeshika kontena la Xinjiang anafanya kazi ya haki, ila serikali inayomwajiri haijajikagua.

Nasi tusifurahie mno ya jirani. Mwaka 2018 Rais Magufuli, akimwapisha mkuu mpya wa Magereza, aliagiza wafungwa wafanye kazi na wajilimie chakula, na wananchi wengi walishangilia. Gereza la Karanga, Moshi, lina kiwanda cha viatu vya ngozi kilichojengwa kwa ubia wa Jeshi la Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii. Kwangu hilo si baya lenyewe. Mtu anayetoka jela akijua kushona kiatu ana nafuu kuliko aliyekaa miaka mitano akihesabu kunguni. Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unairuhusu kazi ya gerezani kwa masharti: awe amehukumiwa na mahakama, asimamiwe na mamlaka ya umma, asikabidhiwe kwa mtu au kampuni binafsi. Katika magereza yaliyojaa mahabusu wasiohukumiwa, sharti la kwanza peke yake linatosha kuuliziwa bungeni. Swali la malipo nalo lingefuata, kwa kuwa kiatu kikifika dukani hakiuzwi kwa bei ya mfungwa.

Kwa hiyo mchuuzi wa Gikomba, mtoto wa Dandora, mshonaji wa Savar na mfungwa wa Angola wamo katika biashara moja, na kila kanuni iliyowahi kumsaidia mmoja wao ilianza kwa kumshika mwenye nguvu upande wa juu. Uamuzi wa Arusha ulifanya kinyume. Ulimwandama mwagizaji na mchuuzi, ukamwacha mtengenezaji, ndiyo maana SMART walipokohoa nchi tatu kati ya nne zikarudi nyuma.

Ufaransa ina mfumo tangu mwaka 2007: kila kampuni inayouza nguo nchini inalipa ada ndogo kwa kila vazi, na fedha hizo zinalipia ukusanyaji na uchambuzi wa nguo zilizochakaa. Wazo zuri, lenye mpaka wake. Fedha zinabaki Ufaransa, nguo zinasafiri. Tangu Januari 2025 nchi zote za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo kuukuu kando na taka nyingine, na tangu Julai 2026 kampuni kubwa hazina ruhusa ya kuteketeza nguo zilizobaki bila kuuzwa. Yote mawili yanapendeza kwenye makaratasi, na yote mawili yana maana moja bandarini Mombasa na Dar es Salaam: mabelo zaidi. Sheria nyingine ya Ulaya ya mwaka 2025 inazitaka nchi wanachama kuwa na ada kama ya Ufaransa ifikapo mwaka 2028, na nguo zichambuliwe kabla ya kusafirishwa. Kiasi cha ada na wapi iende bado vinapangwa. Wanaharakati wa Ghana, wanaofanya kazi katika soko la Kantamanto, wamekuwa wakidai ada iandamane na nguo hadi inakofia. Jumuiya ya Afrika Mashariki inapokea mzigo mkubwa vilevile na ina sekretarieti nzima Arusha. Dai hilo lilipaswa kuwa lake pia, kwa sauti moja, na safari hii hakuna AGOA ya kumtishia nayo mtu, maana hakuna bidhaa inayozuiwa.

Jambo jingine halihitaji Brussels kabisa. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, linakataza nguo za ndani za mitumba, ingawa Karume utazikuta zimepangwa kwa rangi, na Kenya inadai cheti kwamba mzigo umefukizwa dawa. Mamlaka ya kukagua basi ipo. Hakuna kinachozuia kanuni kwamba sampuli ya mabelo ya kila kontena ifunguliwe bandarini, daraja lililoandikwa lilinganishwe na kilichomo, na mzigo uliodanganya urudi kwa gharama ya aliyeufunga. Mwagizaji atalalamika kuhusu ucheleweshaji. Mama wa belo la blauzi hatalalamika.